Paa la Madebe Juu ya Arubaini ya Mamangu

Mume wa mamangu alipohamia nyumbani kwetu Likoni alikuja na sanduku la bati, mkeka wa kuswalia, na maoni. Sanduku lilisukumwa chini ya kitanda, mkeka ukatundikwa ukutani, lakini maoni hayakupata pa kukaa, yakawa yanatembea nyumba nzima. Chai yetu ilikuwa na sukari mno. Mlango wetu wa uani ulifunguka upande usiofaa. Mimi nilicheka kupita kiasi. Sikumpenda tangu siku ile, sikutaka kumpenda, na hata sasa ninapoandika haya bado sijaanza. Simwiti baba. Nikilazimika, humwita "bwana", kwa sauti ambayo mtu hawezi kuipeleka kwa kadhi.

Nyumba ni ya mamangu. Aliijenga marehemu babangu kabla sijazaliwa: fito na udongo, chokaa kwa nje, na paa la makuti lililosimama juu kama kofia ya mtu anayejisikia. Kuta za vyumba hazikufika paani. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye makuti palikuwa wazi. Upepo uliingia upande wa bahari, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukatokea uani. Mchana wa jua kali mtu aliweza kulala chali ukumbini akasahau kuwa nje kuna jua. Hatukuona kuwa hiyo ni raha. Tulidhani nyumba zote ndivyo zilivyo.

Ila makuti yana tabia ya kuoza. Kila baada ya miaka michache hubidi kuezeka upya, na zamu hiyo ilifika mwaka juzi, mama akiwa na mimba ya huyo bwana. Hapo maoni yake yakapata kazi.

Alikuwa karani wa stoo katika kambi ya askari, upande wa Shelly Beach. Kwa sababu ya vita vya Wazungu mabati hayakupatikana madukani hata kwa dawa, lakini madebe matupu ya mafuta yalirundikana kambini na kila aliyeomba alipewa. Akaja nayo jioni moja, mkokoteni mzima, yakigongana njia nzima kama harusi ya wendawazimu. Tulikuwa tumekaa uani.

"Makuti ni kumlipa mnazi kodi," alisema. "Leo unaezeka, ukigeuka unaezeka tena. Debe likishapigiliwa, basi. Utakufa utaliacha."

Nyanya, yaani mamake mama, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Na hilo jua litakufa lini?"

"Mama, mimi naangalia matumizi ya nyumba."

"Angalia na watu waliomo."

"Wazungu huko kambini wanalala chini ya bati, na hawajafa."

"Wale wametia sahihi, bwana," nikasema mimi. "Hawana ruhusa ya kuondoka."

Akanigeukia taratibu. "Wewe nani kakuuliza?"

"Hakuna, bwana. Nimetoa bure."

Mama alinitazama kwa lile jicho lake la kufunga mlango. Kisha akasema kwa upole kuwa kama ni nafuu, basi na iwe. Alikuwa mzito, miguu imemvimba, na hakutaka ugomvi. Nilimkasirikia kwa hilo pia, maana mimi ugomvi niliutaka.

Kazi ya kupasua madebe kwa tindo na kuyanyoosha kwa nyundo ilinifikia mimi, ili nisomee humo adabu. Nilipiga nyundo siku nyingi. Kila debe nililipa jina lake yeye, na hivyo nilipiga vizuri zaidi. Fundi alipokuja, bwana akamsimamia kama anayejenga msikiti. Paa la makuti sharti lisimame, ili maji yateleze upesi, lakini la madebe laweza kulala. Yeye akaona kulala ndiko nafuu, kwa kuwa boriti zingekuwa chache na madebe machache. Fundi akamwambia, "Bwana mkubwa, hapa patakuwa chini sana." Akajibiwa kuwa hakuna aliye twiga humu ndani. Paa likashuka, hata nikisimama juu ya kitanda cha mama nililigusa kwa kiganja.

Hilo halikumtosha. Akaamuru ule uwazi wa juu ya kuta uzibwe kwa udongo.

"Siri za nyumba hii zinatokea hapo," alisema. "Nikikohoa, mtaa mzima unajua."

Siri za nyumba ile zilikuwa zikitoka kinywani mwangu. Kwenye kivuko, tukienda shule kisiwani, nilikuwa nikiwaigizia wenzangu jinsi anavyokoroma na anavyogombana na kiatu asipokiona, na wengi walikuwa wanapanda feri mapema ili wanisikilize. Lakini yeye alimshuku ukuta. Ukazibwa. Makuti ya zamani, yale yaliyokuwa bado mazuri na yale yaliyooza, yakarundikwa nyuma ya jiko la uani kuwa ya kuwashia moto.

Kaskazi ikaingia na joto lake, shule zikafungwa, na mama akajifungua mtoto wa kike.

Kwetu mzazi hukaa ndani arubaini. Hatoki nje, hashiki kazi, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hulishwa uji wa pilipili manga, na chini ya kitanda chake cha kamba huwekwa kigae cha makaa, ili baridi isimwingie mifupani. Nyanya ndiye aliyekuwa amiri wa mambo hayo yote. Aliwazaa wanawe wote juu ya kigae, mamake naye vilevile, na hakuona sababu ya kubadili. Basi kigae kikawekwa. Na makaa aliyawasha kwa nini? Kwa makuti yetu. Kila asubuhi alichomoa kuti kutoka kwenye lile rundo, akalikunja, akalitia moto, na paa lililokuwa likitupoza likaingia chumbani kutuchoma.

Humo chumbani, saa za adhuhuri, sijui niseme nini. Madebe yakipata jua yalianza kulia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole. Harufu ya mafuta ya askari ilishuka ikachanganyika na ubani wa Nyanya. Jua lilitukalia juu ya vichwa kwa sababu paa lilikuwa pale pale kichwani. Moto wa kigae ulipanda. Upepo ulifika hadi kwenye udongo mpya, ukageuka ukarudi baharini. Baridi ya kumwingia mama mifupani, kama ingehitajika, ingebidi kuinunua kwenye kiwanda cha barafu na kuivusha kwa feri.

Bwana na Nyanya wakaanza vita vyao kupitia pazia la mlango.

"Mama, utoe huo moto," alisema yeye akiwa ukumbini. "Mtoto anatoka jasho."

"Anatoka jasho kwa debe lako."

"Debe halina moto."

"Njoo ulilambe basi."

"Huo ni ushamba, mama, wa kumchoma mzazi."

"Na huo ni uungwana, mwanangu, wa kumfunika mke kwa takataka za kambi? Ng'oa debe, nami nitatoa kigae."

"Toa kigae kwanza, tuone kama kweli ni debe."

"Ng'oa kwanza."

Siku ya kwanza nilicheka. Nilikaa nyuma ya mlango nikayakariri yote kwa ajili ya feri. Kila siku yalirudi yaleyale, na kila siku kilichosogea ni jua peke yake. Mimi nilipewa pepeo la ukindu nimpepee mama. Nilipepea hata mkono ukafa ganzi, na niliyokuwa nikimpelekea ni hewa ya moto ya upande huu kwenda upande wa pili. Mama alilala macho yamefumbwa, leso imemganda mwilini. Nikimuuliza "Mama, nikuletee maji?" alitikisa kichwa, kwa sababu Nyanya alikuwa amekataza maji ya mtungi. Mzazi hanywi baridi.

Mume wa mama naye akavumbua dawa ya jua, ambayo ni maji. Akapatana na mchukuzi wa maji awe anatuletea kila adhuhuri, na mimi nipande ngazi niyamwage juu ya paa. Kwa hivyo mtu aliyekataa kununua makuti kwa kuogopa gharama, sasa alikuwa ananunua maji ya kuogesha madebe, kila siku, na mchukuzi akaanza kumwamkia kwa heshima ambayo hata sheikh hakuipata.

Nilipomwaga mara ya kwanza, paa lilifoka kama paka. Mvuke mmoja ukapanda, mwingine ukashuka chumbani. Maji yaliyopita kwenye matundu ya misumari yakadondoka juu ya chandarua, ya moto. Nyanya akapiga kelele kutoka ndani kuwa sasa tunamchemsha mzazi.

"Mwaga tena," akasema bwana kutoka chini ya ngazi.

"Bwana, wanasema yanawadondokea."

"Mwaga. Litapoa."

Lilipoa, ndiyo. Lilipoa kwa muda wa kuswali rakaa mbili, kisha likarudi lilivyokuwa, na chumba sasa kina joto na unyevu pamoja. Nilishuka nikamwambia kuwa akitia na nazi kidogo tutakuwa na mchuzi. Alinipiga kofi. Nililipokea vizuri. Angalau lilileta upepo.

Mtoto ndiye aliyenitoa mzaha. Kwanza alitoka harara shingoni, vipele vidogo vyekundu, na wote wakasema ni kawaida ya kaskazi. Harara zikashuka kifuani na mgongoni. Halafu akawa hanyonyi sawasawa. Anashika ziwa, anavuta mara mbili, anageuza uso na kulia. Kilio chake kilikuwa kikubwa hapo mwanzo, nami nilikuwa nimeshasema kuwa karithi sauti ya babake. Sasa kikawa kinapungua. Siku nilipoona midomo yake imekauka, nilimfuata Nyanya jikoni.

"Nyanya, toa kile kigae."

"Umetumwa na yule?"

"Sikutumwa na mtu. Mtoto hanyonyi."

"Hanyonyi kwa sababu ya debe. Nikitoa moto leo, mamako akashikwa na baridi ya uzazi, yule bwana ndiye atakayemzika?"

"Basi toa kwa adhuhuri tu."

"Nikimtolea adhuhuri, atasema ameshinda."

Nikaenda ukumbini. Bwana alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kifua wazi, kikoi kimelowa jasho, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Bwana, mtoto hali yake si nzuri."

"Mwambie nyanyako atoe moto."

"Nimemwambia. Anasema tung'oe debe. Hata moja tu, pale juu ya kitanda. Nitapanda mimi."

"Thubutu uguse debe langu."

"Ni mwanao, bwana."

"Ndiyo, ni mwanangu," alisema, "na hii ni nyumba ninayoitunza, na sitaongozwa na kizee wala na mtoto wa shule." Lakini hakunitazama aliposema hivyo. Alikuwa anatazama juu kwenye madebe, na nilijua kuwa anajua. Hilo ndilo lililonifanya nimchukie sawasawa. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Wanaume wengi walikuwa bado msikitini, naye bwana ndio kwanza amerudi. Nilikuwa nampepea mama. Madebe yalikuwa yanalia juu, Nyanya anachochea chini. Mtoto alikuwa analia kisauti chembamba, kama mlango wa mbali, halafu akanyamaza. Nilisubiri aanze tena. Hakuanza. Mama alifumbua macho. Alimgusa kifua, akamgusa miguu, kisha akaketi.

"Mwanangu."

"Labeka, mama."

"Nishike mkono."

Nilimshika. Alishuka kitandani, akajifunga leso moja na nyingine akajitanda, akambeba mtoto, akaanza kutembea. Mzazi wa siku zile hutembea kama anayepita juu ya mayai, lakini yeye alikwenda moja kwa moja. Nyanya alikuwa amechutama kwenye kigae, ikabidi ajivute pembeni.

"Wenda wapi na mwili mbichi?"

"Jikoni."

"Jikoni? Arubaini haijesha."

"Itaishia huko."

Jiko letu la uani ni kibanda cha makuti chenye kuta nusu, kimejaa masizi, na kuku hutagia humo. Mume wa mama hakulishughulikia alipokuwa anaezeka, kwa kuwa hakuna mgeni anayeliona. Mama alivuka ua katikati ya jua. Kule ng'ambo ya ua wa makuti majirani wawili walikuwa wanaanika muhogo. Waliacha. Mzazi wa arubaini kuonekana uani, mchana, kichwa kimefunikwa nusu, ni jambo la kusimuliwa hadi Mtongwe.

Bwana alitoka nyuma yetu, kanzu ya Ijumaa bado mwilini. Alisema kwa sauti ya chini, "Rudi ndani. Watu wanakuona."

Mama alikuwa ameshaingia. Alinionyesha mkeka, nikautandaza kwenye majivu, akaketi. "Waache waone," alisema.

"Unaniaibisha."

"Moto chini, moto juu," mama akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, alisema kama anayewapa maelekezo ya kupika. "Mmenipalia kama mkate, bwana. Wewe umeweka makaa juu ya kifuniko, na mama ameweka chini ya sufuria. Kila mmoja anangoja mwenzake aondoe lake kwanza. Mkate wenyewe nani aliuuliza?"

Nyanya alikuwa amefika mlangoni na kigae mkononi, anakileta. Mama alikitazama tu. Nyanya alisimama nacho, akakiweka chini nje, kwenye mchanga.

"Mwanangu, maji."

Nilichota mtungini, yaleyale ya baridi yaliyokatazwa. Alilowesha pembe ya leso, akampitishia mtoto usoni, kifuani, kwenye nyayo. Upepo wa baharini uliingia juu ya zile kuta nusu ukatoka upande wa pili. Mimi nilimsogezea mtungi. Bwana alisimama juani na kanzu yake nyeupe, hakuna aliyemwambia aingie, naye hakuweza kuondoka. Nyanya alikuwa anasoma kitu chini kwa chini. Mama alilowesha tena leso, na tena. Muadhini alipoanza alasiri mtoto alikunja uso, akapiga chafya, akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha hasira, cha mtu aliyeonewa. Mama akampa ziwa, naye mtoto hakuligeuzia uso.

Bwana akageuka akaingia ndani, akafunga mlango wa uani, ule unaofunguka upande usiofaa.

Mama hakurudi. Alimaliza arubaini yake jikoni. Sisi tulipika nje kwenye mafiga, juani, na wali ulipata mchanga. Nyanya alijitengenezea pembe yake humo, akamkanda mama kama kawaida, na akawaambia wote waliokuja kuona kuwa mtoto alipona kwa ule moto aliouanza mapema. Wageni waliingia kupitia uani, wakaketi juu ya vinu na mbuzi za nazi, wakala halua, wakatazama paa la madebe likimeta kule mbele, wasiseme kitu. Ule ukimya wao nisingeweza kuuigiza hata feri ingekaa kivukoni siku nzima.

Ndani alilala bwana peke yake, chini ya paa lake. Hakuwa akisema na mama ila kwa kunipitia mimi.

"Mwambie mamako arudi ndani, nitamwachia dirisha wazi."

"Mama, anasema atakuachia dirisha, tena moja."

"Mwambie nyumba hii aliniachia babako, na sirudi chini ya lile debe. Anayelipenda akae nalo."

"Bwana, anasema kaa na debe lako."

"Amesema hivyo?"

"Amesema kwa adabu zaidi. Nimefupisha."

Alikuwa anakonda. Alitoka kazini kambini akakaa kwenye baraza ya nje hadi giza, kama mtu asiye na kwake, na aliyempita humwuliza hujambo na mzazi hajambo, yaani mzazi wa jikoni. Sijui ni joto lililomshinda au ni hizo salamu. Jioni moja aliniita, akaniambia bila kunitazama kuwa amefikiri. Madebe hayang'olewi. Ila anaweza kuweka makuti juu yake. Madebe yatazuia mvua, makuti yatazuia jua, na kwa kuwa hata makuti yakianza kuoza nyumba haitavuja, hayatahitaji kubadilishwa upesi. Nilimpelekea mama. Alisikiliza, akasema sawa, lakini ule udongo wa juu ya kuta utoke wote, na autoe mwanawe mkubwa, yaani mimi.

Niliutoa kwa mchi wa kinu. Sijawahi kufanya kazi ya nyumbani kwa moyo kama ule. Kila donge lililoanguka lilinipa upepo kidogo usoni, na bwana alikuwa amekaa pale chini, vumbi linamshukia kichwani. Makuti mapya yaliletwa na wanawake wa Kidigo waliokuwa wakisuka upande wa Mtongwe, kwa kuwa ya zamani karibu yote Nyanya alikuwa ameyachoma. Alilipa bwana, na mchukuzi wa maji akaacha kumwamkia.

Mama alirudi ndani siku arubaini ilipotimia, kaoga, kavaa leso mpya, mtoto kapakwa wanja na harara zimekauka. Alipita chini ya paa lile akainua uso, akasikiliza. Madebe hayakulia. Akaenda kulala.

Linaloniudhi ni kwamba nyumba sasa ina baridi kuliko ilivyokuwa wakati wa babangu. Haivuji, haichomi, na majirani wawili wamekwisha kuja kutazama ili nao wafanye hivyo. Mume wa mama huwatembeza. Huwaonyesha debe kwa ndani na kuti kwa nje, na huwaambia kuwa hivyo ndivyo alivyopanga tangu mwanzo, ila watu wa nyumba hii hawana subira. Siku moja aliniuliza mbele yao, "Si ndivyo, kijana?"

"Ndivyo, bwana," nikasema. "Waeleze na habari ya jikoni."

Mmoja wa wale wageni akakohoa. Bwana akaniambia nikatafute kazi ya kufanya.

Sikwenda. Siku hizi adhuhuri yeye hutandika mkeka wake ukumbini upande ule wenye upepo zaidi, nami hutandika wangu papo hapo, kwa kuwa nyumba ni ya mamangu. Mtoto hulala katikati yetu, mikono juu. Tunapeana migongo, na hakuna kati yetu anayekubali kuwa wa kwanza kuondoka.